Ngozi ya Sangara na Gamba la Kidonge

Mgonjwa wa Shinyanga au Geita apewapo vidonge vya kapsuli, vile vyenye magamba mawili yaliyochomekana, huwaza dawa iliyomo ndani tu. Gamba lenyewe ni nini? Aghalabu ni jelatini, nayo hupatikana kwa kupika ngozi na mifupa ya wanyama: ng'ombe, na nguruwe pia. Hapo ndipo swali liingiapo nyumbani mwetu.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kitu kilichogeuka asili yake, wala haifai mtu kuacha dawa ya maradhi mazito kwa dhana tu. Na amwulize kwanza muuza dawa, kisha mwanachuoni. Samaki hana mashaka hayo, kwa kuwa ni halali bila ya kuchinjwa.

Na samaki tunao. Sangara, aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, huvuliwa Nkome na kwingineko katika Geita. Viwanda vya Mwanza humtoa minofu ipelekwayo Ulaya. Zaidi ya nusu ya mwili wake hubaki. Mapanki hukaangwa yakauzwa, na mabondo hugombewa na wanunuzi wa China. Ngozi haina heshima hiyo.

Lakini mwaka 2004 J. H. Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya ngozi hiyo. Huoshwa, ikarowekwa katika asidi hafifu, kisha ikapashwa moto majini. Maji yale huchujwa na kukaushwa, na kinachosalia ni jelatini. Ile ya ngozi ilikuwa na nguvu kuliko ya mifupa. Jelatini ya samaki wa bahari za baridi haigandi vema ila penye baridi kali. Sangara ni mkazi wa maji ya joto, basi yake huikaribia ya ng'ombe. Kwangu mimi, hiyo ni neema iliyotupwa jaani.

Huko Fortaleza, Brazil, matabibu hufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu. Mzazi asithubutu kumbandika mtoto ngozi mbichi ya sokoni!

Kwani dawa yataka usafi. Ngozi iliyoshinda juani haifai tena. Yapasa iwekwe barafuni tangu mtumbwini. Tena wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita hutumia zebaki, kwa hiyo kila shehena ya ngozi ni lazima ipimwe kabla haijaingia chunguni.