Mvua ya Mawe Yatoka Wapi?

Mvua ya mawe ikipiga mabati ya Nyamirambo, hakuna asikiaye maneno ya mwenzake. Watoto hukimbilia uani kuokota, wakubwa huwagombeza, na kitambo kidogo mitaro yote ni myeupe. Nimeulizwa mara nyingi: nchi yetu iko karibu na Ikweta, wala hatuna majira ya theluji kama Ulaya; basi barafu hii yatoka wapi?

Iko juu ya vichwa vyetu. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda angani hata kufika mita 4,800 au 5,000, utakuta baridi ya digrii sifuri, na mawingu makubwa ya radi hupapita hapo, yakaenda hata zaidi ya mita 12,000. Kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, kiko karibu na mpaka huo, ndiyo maana siku nyingine huonekana cheupe; hata jina lake husemwa latokana na isimbi, yaani kombe jeupe.

Sasa liko jambo la ajabu, nami nawaomba wasomaji wasilipite upesi. Tumefundishwa kuwa maji huganda kwenye digrii sifuri. Katika ndoo ni kweli. Lakini tone la wingu ni dogo mno, upana wake kama sehemu 2 za 100 za milimita, nalo huweza kubaki maji hali baridi imefika digrii 10 au 20 chini ya sifuri, pengine hata karibu 38. Baridi halikuikosa, limekosa kitu cha kuanzia kuganda, kama chembe ya vumbi ifaayo.

Basi chembe ya barafu ikitokea katikati ya matone hayo, hapo ndipo kazi huanza. Kwanza hunyonya mvuke, ikakua na kuwa na pembe sita. Ikipata uzito huanza kushuka, na matone, ambayo huanguka sentimita moja tu kwa sekunde, huwa kama yamesimama njiani mwake. Kila tone liguswalo huganda papo hapo, likashikamana nayo. Tena na tena, hata zile pembe hazionekani, na kilichobaki ni punje nyeupe kama ya mtama. Upepo upandao ndani ya wingu huizuia isianguke, nayo huzidi kukusanya. Jiwe lenye upana wa sentimita moja limekusanya matone zaidi ya milioni 100!

Huko Kericho, Kenya, ambako mawe huharibu sana majani ya chai, katika miaka ya 1960 walijaribu kurusha makombora yalipuke mawinguni. Njia nyingine ni kumwaga iodidi ya fedha, ili chembe za barafu ziwe nyingi, zigawane matone, pasiwe na jiwe kubwa. Kwa akili ni nzuri. Kuithibitisha ni kazi, maana hakuna mawingu mawili yaliyo sawa.

Nimepata kupasua jiwe kwa kisu. Ndani mlikuwa na kiini cheupe, kisha duara angavu kama kioo. Weupe ni hewa iliyofungwa kati ya matone yaliyoganda upesi. Uangavu ni mahali maji yalipokuwa mengi, yakapata nafasi ya kutandaa kabla ya kuganda. Jaribuni wenyewe, ila msitoke mapema.

Punje hizo zikigongana na chembe ndogo za barafu, kila moja huondoka na umeme wake: mara nyingi punje umeme hasi, chembe umeme chanya. Chembe nyepesi hupeperushwa juu, punje hubaki chini yake, na tofauti ikizidi, radi hupiga. Mawe na radi, basi, ni watoto wa mama mmoja. Machi 10, 2018, radi ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, wakafa watu 16. Mimi husubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, ndipo nitoke na kisu changu.