Bega likiumizwa na chanjo, Marekani hulipa kwa masharti

Maumivu ya siku mbili tatu baada ya kudungwa sindano ya chanjo si jambo la kushangaza. Lakini mtu akishindwa kuinua mkono achane nywele miezi kadhaa baadaye, huenda tatizo si dawa bali mahali sindano ilipopenya. Ikidungwa juu mno, karibu na ncha ya bega, dawa huweza kuingia katika kiungo chenyewe na kuzua uvimbe kwenye kano.

Nchini Marekani, wanakoishi Wakenya wengi, wakiwemo wauguzi ambao hospitali nyingi huwataka wachanjwe dhidi ya homa ya mafua kila mwaka, jeraha hilo lina njia yake kisheria. Sheria ya 1986 iliweka msingi wa hazina ya fidia inayotunishwa na ushuru wa chanjo, na mwaka wa 2017 jeraha la bega likaingizwa katika orodha yake rasmi. Uraia si hoja, mradi chanjo ilitolewa humo nchini.

Mlalamishi halazimiki kuthibitisha kwamba muuguzi alizembea. Anayeshtakiwa ni Waziri wa Afya, katika mahakama maalumu ya madai dhidi ya serikali jijini Washington. Hata hivyo, ni lazima ionekane kwamba bega lilikuwa zima awali, kwamba maumivu yalianza katika saa 48 na kwamba, bila upasuaji, athari zilidumu zaidi ya miezi sita.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mgonjwa huvumilia akimeza tembe za maumivu, na anapomwona daktari mwezi wa nne, faili huandikwa "maumivu ya muda mrefu" pasipo tarehe. Mawakili wa serikali hulishikilia pengo hilo. Kesi nayo isajiliwe kabla ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza, wala si tangu jeraha lilipotambuliwa.

Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, mbali na gharama za matibabu na mshahara uliopotea. Wakili hulipwa na hazina, hata akishindwa, ikiwa kesi ilikuwa na msingi na nia njema. Anayemdai mteja sehemu ya fidia anakiuka sheria.

Chanjo za Covid-19 ziliwekwa chini ya mpango mwingine, mkali zaidi: ombi huwasilishwa katika mwaka mmoja tangu kuchanjwa, na maumivu hayalipwi, wala wakili.