Kusambaa na Kufyonzwa: Jinsi Mtetemo wa Mlipuko Unavyofifia

Atupaye jiwe majini katika ufuo wa Dunga, karibu na Kisumu, huona viwimbi vikitanuka na kupungua kimo hadi vikatoweka. Ardhi nayo hutenda vivyo hivyo itikiswapo na mlipuko mkubwa. Makala haya yanaeleza jinsi kufifia huko kunavyopimwa, na kwa nini neno "kufifia" pekee halitoshi kukueleza.

Mwaka 1990, watafiti wa mradi wa kimataifa wa KRISP walilipua baruti katika maziwa na visima nchini Kenya. Mstari mmoja wa vipimo ulianzia Ziwa Victoria, ukavuka Bonde la Ufa hadi Chanler's Falls, mwendo wa kilomita 450 hivi. Mlipuko hufaa kwa kuwa, tofauti na tetemeko la asili, mahali, wakati na uzito wake hujulikana mapema. Vipima mtetemo vilivyopangwa njiani huandika wakati wa wimbi kufika pamoja na kimo chake.

Kimo hicho hupungua kwa sababu mbili kuu. Kwanza ni kusambaa: nishati ile ile hugawanywa katika eneo linalozidi kupanuka. Umbali uongezekapo maradufu, kimo cha wimbi lipitalo ndani ya ardhi hupungua kwa nusu. Cha wimbi litambaalo juu yake hubaki takriban asilimia 71. Pili ni kufyonzwa: miamba hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Mitikisiko ya haraka hufa kwanza, ya polepole hufika mbali. Miamba iliyopasuka na yenye joto, kama ya Bonde la Ufa, hufyonza zaidi kuliko miamba mikongwe ya Nyanza.

Kwa hiyo, mtafiti huondoa kwanza athari ya kusambaa, ambayo hesabu huweza kuitabiri. Upungufu unaosalia humweleza hali ya miamba. Kosa hapa si dogo. Kituo cha Kilimambogo kimo katika mtandao wa kusimamia mkataba wa mwaka 1996 unaopiga marufuku majaribio ya nyuklia. Ufyonzaji ukikadiriwa vibaya, ukubwa wa mlipuko wa siri nao utakosewa.

Hapa mwanaistilahi ana wajibu. Kusambaa hutawanya nishati bila kuipunguza. Kufyonzwa huiondoa katika wimbi. Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, na kila kimoja kinastahili kupewa mahali pake.