Wali Mkavu wa Mabingwa wa Gusii

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wasema wahenga wetu wa pwani. Lakini huko bara, katika vilima vya Kisii na Nyamira, walikuwako waliogaagaa wakaupata ushindi, na wali wakaula mkavu vile vile. Hawakuwa wavivu, kanuni ya mchezo ndiyo iliyowaharamishia kitoweo.

Kanuni yenyewe ilikuwa ya michezo ya ridhaa: mwanariadha akipokea ujira, ametoka. Jim Thorpe wa Marekani alishinda mashindano mawili katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata alivuliwa nishani zake, kwa kuwa aliwahi kulipwa vijisenti kwa kucheza besiboli.

Chini ya kanuni hiyo Nyantika Maiyoro, Mgusii, alikimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akawa wa saba. Na ya Roma mwaka 1960, akawa wa sita. Akafuata Naftali Temu wa Nyamira. Oktoba 13, 1968, mjini Mexico, kwenye hewa haba, alimshinda Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita 10,000 kwa chini ya sekunde moja, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Temu alikuwa mwanajeshi. Je, asiye na mwajiri wa namna hiyo angejizoeza vipi mchana kutwa? Kufikia 1973 alikwisha acha mbio, hata miaka 30 hajatimiza.

Mwaka 1982 kanuni ililegezwa, wakimbiaji wakaruhusiwa kuwekewa fedha katika mifuko ya amana. Mbio zikawa kazi. Mgusii mwingine, Yobes Ondieki, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991. Na Julai 10, 1993, mjini Oslo, akawa mtu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27. Umri wake ulikuwa miaka 32.

Vilima ni vile vile. Kilichogeuka ni kanuni. Thorpe alirudishiwa nishani mwaka 1983, miaka 30 baada ya kufa. Temu, aliyefariki mwaka 2003, hakunyang'anywa nishani, basi hana cha kurudishiwa. Anayelipwa leo kwa mbio zake na akumbuke nani aliyetangulia kuutoa jasho bure.