Kulala katika hoteli ya kimataifa

Hoteli nyingi zenye jina la Hilton, kampuni iliyoanzishwa na Conrad Hilton huko Texas mwaka 1919, ni mali ya watu wengine wanaolipia jina na kufuata masharti yake. Ndiyo maana vyumba hufanana nchi hata nchi. Mapokezi huomba pasipoti na kadi ya benki. Hapa mgeni awe macho: hoteli huzuia fedha kwenye kadi kama dhamana, na siku kadhaa huweza kupita baada ya kuondoka kabla hazijaachiwa. Ni heri kuuliza kiasi mapema. Chumbani, mara nyingi taa haziwaki mpaka kadi ya mlango ichomekwe ukutani. Vinywaji vya kwenye friji ndogo kwa kawaida hulipiwa, tena ghali.