Zabibu za Kisiwa cha Upepo

Wasomaji wetu wengi hawatumii mvinyo, wala hatuandiki ili kuwashawishi. Twaandika habari za wakulima wa kisiwani wenzetu.

Pantelleria ni kisiwa cha Italia, baina ya Sicily na Tunisia. Huko tulizuru kiwanda cha Donnafugata, mali ya ukoo wa Rallo. Mzabibu wao huitwa Zibibbo, kutokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "zabibu". Kwa ukali wa upepo, kila mche hupandwa katika kishimo, ukatambaa chini kama kichaka. Zabibu huchumwa kwa mkono, huanikwa juani wiki tatu au nne, kisha hutiwa katika maji ya zabibu yanayochacha. Ndipo hupatikana mvinyo mtamu wa baada ya chakula, Ben Ryé, yaani Mwana wa Upepo.

Tangu 1971 sheria yailinda mivinyo mitamu yenye jina la Pantelleria. Mwaka 2014 UNESCO ikautambua ukulima huo kuwa urithi. Jina la kisiwa limekuwa mali ya mkulima.

Nasi tuanikao karafuu majamvini twawauliza wakuu wetu: jina la karafuu zetu lamnufaisha nani?