Nembo ya Chama: Mstari wa Mkono na Picha Angavu katika Kompyuta

Vyama vingi vya msingi hupata nembo yao kwa njia ile ile. Mwanachama mwenye kipaji huchora kwa kalamu tawi la mbuni lenye matunda, mkutano mkuu huukubali mchoro, kisha karatasi hupelekwa mjini kwa fundi mwenye kompyuta. Nembo inaporudi, aghalabu huwa imepatwa na mambo mawili: mistari imenyooshwa hata ikawa kama ya rula, na picha nzima imekaa ndani ya kisanduku cheupe kinachoziba rangi ya pakiti. Mchoraji haitambui kazi yake, na chama kimekwisha kulipa. Makosa yote mawili yaweza kuepukwa. Si lazima katibu ajue kuchora. Yatosha ajue la kudai.

Uzuri wa mstari wa mkono ni kutolingana kwake. Kalamu hukandamizwa mwanzoni, hupita upesi katikati, na huinuliwa mwishoni. Kwa hiyo mstari hunenepa na kukonda. Programu za uchoraji zaweza kuuiga. Inkscape, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2003, ina kalamu ambayo mstari wake hukonda kadiri mkono unavyokwenda kasi, na yaweza kuongezewa mtetemo. Iko pia amri ya kuukwaruza mstari uliokwisha kuchorwa. Vifaa hivi vitumiwe kwa kiasi. Mkono wa binadamu hautetemeki sawasawa kila mahali, na mtetemo wa mashine ukizidi, nembo huonekana kana kwamba ilichorwa na mgonjwa wa homa.

Palipo na mchoro wa karatasi, njia bora ni kuufuatisha mstari wenyewe. Mchoro uwe wa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, nao unakiliwe kwa skana kwa kipimo cha nukta 600 kwa kila inchi. Usipigwe picha kwa simu chini ya taa, maana kivuli nacho huingia. Kisha Inkscape huamriwa kufuatisha kingo za wino pande zote mbili, ndiyo sababu unene na wembamba wa mstari husalimika. Kinachopatikana si nukta tena bali ni hesabu za mipindo, na nembo yaweza kukuzwa hadi kuenea ubao wa ghala bila kuchakaa. Fundi huchagua pia kiasi cha kulainisha. Akikizidisha, pembe huviringika na mikwaruzo midogo hufutika. Basi aambiwe apunguze, na kazi ilinganishwe na karatasi ya mchoraji. Jambo moja husahauliwa mara kwa mara: picha iliyonakiliwa hubaki chini ya mistari mipya pamoja na weupe wake. Iondolewe.

Kisanduku cheupe asili yake ni aina ya faili. JPEG, ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1992, haina mahali pa kuandika kwamba nukta fulani ni tupu. Kila nukta lazima iwe na rangi, na utupu hugeuka kuwa weupe. PNG, iliyotolewa mwaka 1996, yaweza kuipa kila nukta namba ya nne juu ya zile tatu za nyekundu, kijani na buluu. Namba hiyo kwa kawaida huanzia 0, yaani nukta haionekani kabisa, hadi 255, yaani nukta inaziba kila kilicho chini yake.

Namba za katikati ndizo zenye thamani. Ukingo wa wino haukatiki ghafla; una kijivu. Fundi mvivu huufuta weupe tu, kijivu kikabaki, na nembo ikiwekwa juu ya pakiti ya kijani huzungukwa na utando wa weupe. Njia sahihi imo katika GIMP, programu nyingine isiyolipiwa: ni amri ya kugeuza rangi nyeupe kuwa uangavu. Kijivu hugeuka kuwa weusi ulio nusu angavu, nao huipokea rangi yoyote iliyo chini. Lakini amri hiyo itumiwe kwa mistari myeusi peke yake. Rangi hafifu, kama hudhurungi ya punje za kahawa, ina weupe ndani yake, nayo itageuka nusu angavu bila kukusudiwa. Yafaa mistari iwe katika tabaka moja, na rangi katika tabaka jingine.

Miraba midogo ya kijivu inayoonekana nyuma ya picha katika kioo cha kompyuta ni alama ya utupu tu, wala haichapwi. Katibu asiridhike nayo. Nembo iwekwe mbele yake juu ya rangi nyekundu, kisha juu ya kijani, na utando kama upo utaonekana.

Gunia ni shauri jingine. Alama yake hupigwa kwa bati lililotobolewa, na bati halijui nusu uangavu: wino hupita au haupiti. Iandaliwe nembo ya pili yenye mistari minene, na kila sehemu ya ndani ishikwe kwa kidaraja, la sivyo kiini cha herufi O kitaanguka.

Kabla hati ya malipo haijatiwa saini, chama kipokee faili la mistari la aina ya SVG pamoja na PNG, nakala moja ikae ofisini na nyingine mahali pengine. Chama kilichopewa karatasi iliyochapwa tu hakijapewa nembo. Kitamlipa fundi tena kila mwaka.

Maarifa haya yana upande wa hatari. Baadhi ya ofisi hunakili muhuri na saini ya mwenyekiti, huzifanya angavu, na kuzibandika juu ya barua ili kuokoa muda. Atakayepata faili hilo ataweza kuiweka saini juu ya maombi ya kutoa fedha benki, na katika nakala iliyochapwa jicho halitabagua. Saini za malipo ziandikwe kwa wino, mbele ya hati yenyewe. Kompyuta ya chama ikikutwa na faili la namna hiyo, lifutwe mbele ya mwenyekiti na mtunza fedha, pamoja na nakala zake zote, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao cha Bodi.